Mwanafunzi wangu wa zamani ndiye atakayenikagua

BARUA

Assalamu alaikum Somo,

Huwa nasoma majibu yako kwa walioachwa, waliodhulumiwa mirathi na waliokosa wana, nikijiambia kila mara kwamba yangu hayafiki huko. Mume ninaye, kazi ninayo, afya alhamdulillahi. Lakini tangu shule zifungwe usingizi wangu ni wa kukatika, na nikiamka linalonikabili ni lile lile.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lamu. Tangu nianze kazi nimefundisha madarasa ya chini, Gredi ya 1 mpaka ya 3. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Mtoto huletwa Januari hajui penseli hushikwa vipi. Mwaka ukielekea ukingoni nakaa naye mkekani, namwona anasita juu ya neno, midomo inacheza, mara analipata mwenyewe bila mimi. Jambo hilo sijalichoka. Wananiita kwa Kiamu chao, "Mwalimu, ndoo uone," yaani njoo, nami naenda naona. Mengine ya kazi nimeyachoka, sikufichi: fomu zisizokwisha, na alama za kupakia mtandaoni usiku kwa sababu mchana intaneti haishiki.

Miaka ya nyuma nilisomea shahada wakati wa likizo, Kiswahili na Historia. Wenzangu wakitayarisha harusi na kwenda matembezi Shela, mimi navuka Mokowe kupanda basi la Mombasa na vitabu vyangu. Nilisoma kwa sababu kila mtu alikuwa akisoma, na kwa sababu tuliambiwa bila shahada mtu hapandi. Nilihitimu. Kupanda sikupanda. Cheti kimo kabatini chini ya leso za harusi.

Sasa kimetoka kabatini. Wiki ya kufunga, mwalimu mkuu aliniita ofisini. Sekondari msingi yetu, yaani Gredi ya 7, 8 na 9, imekuwa na uhaba wa walimu tangu ilipoanza 2023. Akaniambia nina shahada, nina alama za kidato cha nne zinazotakiwa, na angependa kupeleka jina langu kwa Tume ya Kuwahudumia Walimu ili Januari niingie huko. Nitafundisha Kiswahili na Masomo ya Kijamii. "Na Kilimo na Lishe tukikosa mtu," akaongeza, akacheka. Mimi sikucheka. Jibu analitaka kabla shule hazijafunguliwa, kwa kuwa anapanga ratiba.

Kiswahili hakinitishi. Masomo ya Kijamii ndiyo, kwa sababu hufundishwa kwa Kiingereza. Somo yangu, haya nayaandika kwako kwa sababu hunijui. Kiingereza changu kimelala. Kusoma nasoma, kuandika naandika nikipewa nafasi ya kufuta. Kusema mbele ya watu ndiko kunakonishinda. Madarasa ya chini nafundisha kwa Kiswahili, vile vipindi vya Kiingereza ni vya nyimbo, rangi na majina ya wanyama. Wale wa Gredi ya 9 wananipita kimo, wana simu, wanasikia Kiingereza cha watalii na cha sinema kila siku. Nikikosea neno moja litafika gatini kabla ya magharibi.

La pili ni zito zaidi. Anayesimamia sekondari msingi ni kijana niliyemfundisha mimi. Nilimshika mkono akaandika jina lake mara ya kwanza. Leo ana shahada, ana sauti, wazazi wanamsifu, na yeye ndiye atakayeingia darasani kwangu na karatasi kunikagua. Akiniona njiani hunipa shikamoo yangu na kunipisha nipite upande wa ukuta. Ni kijana wa adabu. Lakini nitakaaje mbele yake nielezwe somo langu lilipungua wapi? Wazee husema ukubwa ni jaa, ila sikudhani taka zenyewe zitatoka huko.

La tatu, binti yangu anaingia Gredi ya 8 hapo hapo. Nilipomdokezea akaniangalia akasema, "Mama, usije. Utanitia haya." Kisha akaenda zake kuchota maji kama aliyeuliza saa. Sijamjibu mpaka leo.

Mume wangu nilimwambia kuna nafasi juu. Akauliza kama mshahara utaongezeka. Nikamwambia sijui. Akasema basi nikijua nimwambie.

Shuleni kuna wanaosema nikikataa nitaandikiwa uhamisho, niamkie Kizingitini au Kiunga, nami nina mama mgonjwa nyumbani. Wengine wanasema nikikubali nimejipeleka mwenyewe kwenye mateso, kwani wale wa juu wana madai yao, hawataki hata kuwa chini ya mwalimu mkuu wa msingi, wataniona jasusi wake. Na watoto wangu wa Gredi ya 2, ambao niliwaahidi nitaingia nao ya 3, wanne kati yao bado hawajasoma. Watasomeshwa na nani?

Nikubali nikaaibike, au nikatae nionekane mwoga? Nisaidie.

Mwalimu wa Madarasa ya Chini, Lamu


JIBU

Waalaykumu salaam, mwalimu.

Kwanza nikutoe wasiwasi wa kufikiri yako hayafiki kwa walioachwa na waliodhulumiwa. Mtu asiyelala hana haja ya kupimana shida na jirani. Na nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, maana ina mambo mengi yaliyofungwa katika kitambaa kimoja.

Nikiyafungua nayaona hivi. Umeitwa kwenye kazi uliyoisomea lakini hujawahi kuifanya. Ukienda, utafundisha kwa lugha usiyojiamini ukiisema, chini ya kijana uliyemlea, mbele ya binti yako. Ukibaki, unaogopa uhamisho na unaogopa jina. Na nyuma ya yote kuna watoto wanne ambao bado hawajasoma. Kama kuna nililoliacha utanisahihisha, wewe ndiwe mwalimu.

Sasa tazama ulivyoniuliza. Umenipa majibu mawili na yote mawili yanaishia kwenye aibu. Sidhani hivyo ndivyo mambo yalivyo. Hivyo ndivyo yanavyoonekana saa nane za usiku. Kuna mwalimu anayekataa kazi ya juu kwa sababu anaipenda ya chini na anaiweza, huyo si mwoga. Kuna anayekubali, akakosea, akajifunza, na hakuna aliyekumbuka makosa yake ilipofika Agosti. Hao wote wawili wapo katika shule za kaunti yako, na wewe unawajua kwa majina.

Jambo lililonisimamisha zaidi ni hili. Ulipoandika kuhusu madarasa ya chini, umeandika watoto: midomo inayocheza, penseli, "ndoo uone." Ulipoandika kuhusu sekondari msingi, hakuna mtoto hata mmoja anayejifunza. Kuna watu wanaokutazama tu. Wanaokupita kimo, wenye simu, kijana mwenye karatasi, binti mwenye haya. Kama kwamba ungekuwa unaingia ukumbini kuhukumiwa, si darasani. Sikulaumu, woga wa namna hiyo humpata yeyote. Lakini nakuuliza: unawajua wale wa Gredi ya 7? Si kwa kimo, kwa kujua. Wengi wao, bila shaka, walipita mikononi mwako.

Nikuambie ninachofikiri kuhusu Kiingereza, kisha nikuambie kinachonitia shaka katika fikira yangu mwenyewe.

Mtoto wa Lamu husoma kwa Kiswahili mpaka Gredi ya 3, akifika ya 4 lugha inageuka, na vitabu karibu vyote vinageuka nayo. Wapo wanaovuka vizuri. Wapo wanaojifunza kunyamaza. Hao hufika Gredi ya 7 na daftari safi lililonakiliwa ubaoni neno kwa neno, na ukiwauliza maana wanakutazama. Mwalimu aliyesomea sekondari hakufunzwa kumfundisha mtu kusoma, hudhani kazi hiyo ilimalizwa chini. Wewe unajua inavyofanywa, na unajua pia kwamba mara nyingine haikumalizwa. Unasikia neno linapomkwaza mtoto. Huko juu sidhani wapo wengi wenye sikio hilo.

Hilo ndilo zuri la upande mmoja. Upande wa pili nisikufiche. Mtihani wa mwisho wa sekondari msingi, ule wa KJSEA wa Gredi ya 9, hubeba asilimia 60 ya alama zinazoamua mtoto aende shule gani ya juu na njia gani, ya sayansi na teknolojia, ya sayansi za jamii au ya sanaa na michezo. Asilimia 20 hutoka mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6, na 20 nyingine tathmini za shuleni. Ukiondoa masomo ya lugha kama Kiswahili, mtihani huo uko kwa Kiingereza. Mwalimu anayekimbilia Kiswahili kila aya inapokuwa ngumu huwapa wanafunzi somo tamu na matokeo machungu. Kwa hiyo swali la lugha ni la haki, si la aibu tu. Ukikubali, inabidi uwe tayari kulifanyia kazi, na si siku moja. Umeniambia kimelala. Hukuniambia kimekufa. Ni wewe tu unayeweza kusema kama unataka kukiamsha au umechoka na kuamsha vitu.

Kuna njia ya kujua bila kumwahidi mtu chochote. Mtaala wa Masomo ya Kijamii wa Gredi ya 7 umewekwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala kwenye tovuti yake, hupakuliwa bure. Ukikuta intaneti imeshika, uchukue. Chagua mada moja unayoipenda. Umesomea Historia, zipo. Iandikie andalio la somo kama la kweli, kisha isimamie sebuleni kwa Kiingereza, kwa sauti, dakika 40 kamili kama kipindi chao kilivyo. Mtafute mwenzako mmoja unayemwamini akusikilize. Ukishindwa dakika ya kumi, umejua kitu. Ukifika mwisho ukiwa umelowa jasho, umejua kingine. Sebule si darasa, najua, na mwenzako hatakucheka kama mvulana wa miaka 14 atakavyocheka. Lakini mpaka sasa unabishana na woga mtupu, huna hata dakika moja ya ushahidi.

Na jambo hili niliseme kwa kupita, maana nahisi umelisahau: somo lenyewe ni la historia, jiografia na uraia, nawe unaishi Lamu. Una Ngome uwanjani kwenu, una magofu ya Takwa ng'ambo ya mkondo pale Manda, mifupa ya Vita vya Shela imesimuliwa kwenu tangu utotoni, mji wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na bandari mpya ilipokea meli zake za kwanza 2021 huku wavuvi wakilalamikia maeneo yao. Mwalimu aliyeletwa kutoka bara itamchukua miaka kuyajua hayo. Mtaala huu wa umilisi, pamoja na fomu zake ulizozichoka, unapenda mtoto atoke nje akaone. Hapo Kiingereza cha kitabuni hakitoshi, na wala si cha kwanza kuhitajika.

Tuje kwa kijana.

Nimetafuta katika barua yako alilokukosea, sikuliona. Anakusalimu, anakupisha upande wa ukuta. Kosa lake ni kukua. Ninyi watu wa Lamu mmezoea jambo hili msikitini: mwalimu wa chuo mwenye ndevu nyeupe husimama safu ya kwanza nyuma ya imamu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha alifu kwa kijiti, na hakuna aonaye ameshushwa. Nakubali kwamba swala huisha kwa dakika chache, na ukaguzi wa TPAD, ule wa Tume wa kupima utendaji wa mwalimu, ni mwaka mzima na una alama za kuandikwa. Ndiyo maana nadhani mazungumzo na kijana huyu yanafaa kuja kabla ya jibu, si baada ya ratiba kubandikwa. Huenda naye analiogopa jambo hilo hilo, kukaa mbele ya mwalimu wake na karatasi. Mwombe akupe saa moja. Muulize Gredi ya 7 wanakwama wapi katika Masomo ya Kijamii. Muulize kama utaweza kuketi nyuma ya darasa lake vipindi viwili vitatu Januari kabla hujashika chaki. Anavyokujibu ndivyo utakavyojua utafanya kazi na nani. Akikujibu kwa kiburi, hilo nalo ni jibu, na afadhali kulipata Disemba.

Hatari iliyopo ni ile uliyoigusa kwa haraka ukapita: mvutano baina ya walimu wa sekondari msingi na uongozi wa shule za msingi. Mvutano huo ni wa nchi nzima. Walimu wa juu wanadai wasimamiwe peke yao, na wengi wao walianza kazi kama wanagenzi kwa malipo madogo na mkataba wa mwaka. Ukiingia ukiwa chaguo la mwalimu mkuu, wapo watakaokutazama kwa jicho hilo miezi ya kwanza. Hutaweza kulizuia. Unaweza tu kuchagua chai ya saa nne unywe meza ipi, na nakusihi usiwe mbeba maneno wa upande wowote.

Kuhusu uhamisho wa Kizingitini na Kiunga, huo ni umbeya wa chumba cha walimu mpaka uone karatasi. Tume ina uwezo wa kumhamisha mwalimu yeyote, aliyekubali na aliyekataa, kwa hiyo kukubali kwa kuogopa uhamisho hakukupi kinga unayodhani. Kama unauguza mzazi, hilo huandikwa. Liandike sasa kwa mwalimu mkuu na ofisi ya Tume ya kaunti, ukiambatisha barua ya daktari, uamue utakaloamua. Na weka nakala.

Cheo na mshahara vilevile. Usichukue neno la barazani. Muulize mwalimu mkuu kwa maandishi: ukienda, utakwenda kwa daraja gani, na je, unapelekwa kabisa au unaazimwa tu huku jina likibaki msingi? Wapo wanaobeba kazi mbili kwa mshahara wa moja. Hapa nakuona umemtupia mume wako lawama ndogo kwa kuuliza pesa. Lakini ulimpa nini kingine cha kuuliza? Ulimwambia "kuna nafasi juu." Hukumwambia hulali. Hukumwambia Kiingereza, wala kijana, wala alichosema binti. Pengine ukimwambia atauliza swali jingine. Pengine atauliza lile lile, wanaume wetu wana yao, lakini angalau utakuwa umempa nafasi.

Njia hazikuishia kwenye ndiyo na hapana. Unaweza kumwomba mwalimu mkuu uanze na Kiswahili peke yake kwa Gredi zote tatu, na Masomo ya Kijamii uyachukue kwa Gredi ya 7 tu, upande nao mwaka unaofuata. Hatari yake ni kwamba palipo na uhaba "tu" haikai muda mrefu. Atakayeugua au kuhama, vipindi vyake vitakuangukia wewe, na ile Kilimo na Lishe ya kuchekewa nayo usishangae. Masomo yao yalipunguzwa yakawa 9, lakini walimu hawakuongezeka kwa kiasi hicho kila mahali. Basi omba ratiba uione kwa macho.

Unaweza kukataa kwa barua ya heshima, ukaeleza kwamba kazi yako ni kusomesha wanaoanza na unaomba uendelee nayo. Hakuna aibu humo. Hatari yake ni ya polepole: cheti kitarudi chini ya leso, na baada ya miaka mitatu ukiona mwingine amepanda, utahitaji kuwa na hakika kwamba ulibaki kwa mapenzi ya kazi. Kama ulibaki kwa woga utakuwa unajua, hata kama hakuna mwingine anayejua. Ndiyo maana nakuuliza tena na tena unataka nini kabla hujaniuliza watu watasema nini.

Unaweza pia kuomba mwaka mmoja, uingie Januari ya baadaye, na muda huo ujitayarishe. Nafasi inaweza kuwa imekwisha. Inaweza pia kuwa imeongezeka.

Wazee wetu walimu walipita kitu kama hiki. Ulipoingia mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, shule za msingi zilipata darasa la nane ambalo halikuwapo, na masomo ya ufundi, sayansi kimu na muziki yakashushwa juu ya walimu ambao hawakuwahi kuyasomea. Wastaafu wa Langoni na Mkomani wapo, waulize. Watakuambia wengine waling'ara, wengine walifundisha useremala mwaka mzima bila nyundo. Sikuambii hayo ili upate moyo. Nakuambia uone kwamba waliofanikiwa hawakuwa wale waliojua zaidi siku ya kwanza. Walikuwa waliopata mtu wa kumuuliza. Wewe, kwa barua hii, bado humuulizi mtu. Umeniandikia mimi kwa sababu sikujui.

Ukiamua kwenda, kumbuka jambo dogo la kalenda: Ramadhani sasa huangukia muhula wa kwanza. Darasa jipya, lugha mpya na funga, vyote ndani ya wiki zile zile. Maandalio ya kazi ya muhula yaandike Disemba hii, kichwa kikiwa bado kina maji.

Wale wanne wa Gredi ya 2 wamenigusa. Ahadi uliyowapa nakuelewa, ingawa shule haimwachii mwalimu kuitimiza kila mara. Lakini usiwafanye kuwa sababu ya kubaki ikiwa sababu ni nyingine. Wanahitaji mtu anayejua kila mmoja anakwama wapi. Andika ukurasa mmoja mmoja kwa kila mtoto, herufi anazozichanganya, hadithi anayoipenda, nani nyumbani anaweza kumsomea, umpe atakayelichukua darasa. Au useme kwa mwalimu mkuu kwamba sharti lako la kwenda ni kujua kwanza nani atawachukua. Sharti hilo ni la haki, na likikataliwa utakuwa umejifunza jambo kuhusu shule yako.

Mwisho binti. "Utanitia haya" katika kinywa cha mtoto wa miaka 13 ina maana nyingi, na Kiingereza chako huenda hakimo hata kidogo. Mtoto wa mwalimu hana pa kujificha shuleni. Akichelewa, mama ataambiwa. Akigombana na shoga yake, mama ataona. Akicheka na mvulana, hapo ndipo usiseme. Mpaka sasa amekuwa na upande wake wa shule na wewe wako. Inawezekana alikuwa anakuomba hicho tu. Umenyamaza, naye atakuwa anasubiri, hata kama alikwenda kuchota maji kama aliyeuliza saa. Muulize alikusudia nini, na umuulize kabla hujampa mwalimu mkuu jibu.

Somo